Askari wa kofia nyeupe ndiye aliyekuwa na hadithi kuliko wote. Kwa nini Star Wars ilimwacha njiani?

Mtoto_wa_Kambi (Gulu)

Wadau, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Nina duka la kupakia filamu kwenye flashi hapa mjini, na kutwa nzima nasikia wateja wakibishania vita vya kwenye skrini: ipi kali, nani alimpiga nani, ndege gani ililipuka vizuri. Mimi kuna jambo moja limenikaa rohoni na nataka tulijadili kwa kina. Filamu ya vita, iwe ya ufukweni Ufaransa au ya sayari ya mbali, inamtazamaje yule anayeanguka?

Chukueni The Force Awakens, ile Star Wars ya 2015. Mwanzoni kabisa kijiji cha Jakku kinavamiwa usiku. Askari mmoja wa kofia nyeupe anapigwa, mwenzake anapiga magoti kumshika. Yule anayekufa anainua mkono uliojaa damu na kuupitisha kwenye kofia ya mwenzake. Mistari mitatu myekundu inabaki pale. Kuanzia hapo, katika lile jeshi ambalo kwa miaka karibu arobaini tulizoea kuliona likidondoka tu, unamtambua mtu mmoja. Amri inatoka wanakijiji wapigwe risasi. Wenzake wote wanafyatua, yeye hafyatui.

Hana jina, ana namba: FN-2187. Anakuja kusema mwenyewe kwamba alichukuliwa kwenye familia asiyoijua akalelewa kwa kazi moja tu. Hata jina Finn anapewa na rubani Poe, wakiwa ndani ya ndege wanayotoroka nayo.

Mtu wa Gulu, Kitgum, Pader au Lira akiona hapo haoni anga. Anaona mtoto aliyetekwa. Waasi wa LRA, wale wa Joseph Kony, walichukua watoto wetu kwa maelfu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waliingia shule ya St. Mary's Aboke wakaondoka na wasichana 139. Sista Rachele Fassera na mwalimu mmoja wakawafuata porini kwa miguu, wakarudi na 109. Wasichana 30 wakabaki mikononi mwa wale watu. Sasa mtengeneza filamu anapotuletea kijana aliyenyang'anywa wazazi, akavishwa sare, akapewa namba na kuambiwa aue, anatuletea kitu tunachokijua kwa majina na kwa sura.

Kisha anakifanyia nini? Dakika chache baadaye Finn yuko kwenye mzinga wa ndege, anawalipua wenzake wa jana, yeye na Poe wanashangilia. Hao si ndio aliokuwa akilala nao bweni moja? Hao nao si walichukuliwa kama yeye? Hakuna anayeuliza. Mwaka 2017 wakampeleka kwenye mji wa kamari. Mwaka 2019 wakamkutanisha na Jannah na kundi lake, askari waliogoma kuua raia wakatoroka, wote walichukuliwa utotoni. Nilijua sasa wamefika. Wakaongea kidogo, basi, filamu ikakimbilia kwa Palpatine, yule mtawala mwovu ambaye tulimwona akitupwa shimoni mwaka 1983.

Kwangu mimi hadithi kubwa kuliko zote za mfululizo ule ilikuwa ya Finn, nao wakaipita. Nasubiri maoni.

Banda_la_Busia

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, ila mimi nina banda la video hapa mpakani na nitakuambia ninachokiona. Mtu ameshinda juani akisukuma magunia, jioni analipa ili aone steringi. Na steringi hafi. Huo ndio mkataba kati yangu na yeye. Nikimwekea kijana analia kwa sababu wenzake waliibwa utotoni, watanidai hela yao mlangoni.

Halafu usiseme hizi filamu kubwa hazina uchungu. Infinity War ya Marvel, 2018, ilipofika pale nusu ya viumbe wanageuka vumbi, na yule kijana wa Spider-Man anamshika Tony Stark, yaani Iron Man, akisema hataki kuondoka, banda zima lilisimama. Nina watu walitoka nje wakakaa chini.

Mtoto_wa_Kambi (Gulu)

Kaka wa Busia, uchungu ule ulikuwepo, na kijana yule aliucheza vizuri. Ila hebu tuuangalie ulidumu muda gani. Nusu ya viumbe wote walikufa 2018, 2019 wakarudishwa. Tulipokuwa tunalia tayari tulijua filamu nyingine ya Spider-Man inatengenezwa. Kifo cha Tony Stark kilibaki kifo, na ndicho wateja wangu wanakitaja mpaka leo. Ile nusu ya ulimwengu hakuna anayeitaja.

Siku mwandishi anapoonyesha kwamba anayekufa anaweza kurudi, kila kifo kinachofuata anakikopa, na mtazamaji anakataa kukopesha tena.

Mhariri_Ntinda (Kampala)

Nimekaa mbele kabisa. Mimi kazi yangu ni kuhariri video, harusi na matangazo zaidi, lakini filamu ndizo zilizonifundisha.

Mnazitenganisha mno filamu za vita na za anga. Star Wars ya 1977 ilizaliwa ndani ya filamu ya vita. Kabla picha za ndege zao za anga hazijakamilika, George Lucas aliunganisha vipande vya mapambano ya ndege za Vita Kuu ya Pili na kuviweka mahali pake, ili mafundi wake waone ndege inageukaje na rubani anaangalia wapi. Ndiyo maana lile shambulio la mwisho linaeleweka hata ukizima sauti.

Kuhusu anayeanguka, tazama jambo moja ndani ya filamu hiyo hiyo. Sayari ya Alderaan inalipuliwa yote, watu wasiohesabika, nyumbani kwa Leia. Inachukua dakika moja na Leia hapewi hata nafasi ya kuomboleza. Lakini Luke, kijana ambaye ndiye steringi, anaporudi nyumbani anakuta mabaki ya walezi wake wawili yameungua mbele ya mlango, moshi bado unatoka, na hapo hadithi nzima inageuka. Watu wawili wamebeba kuliko sayari. Hiyo ni kazi ya kamera: kwenye sayari tuliangalia kwa mbali, kwenye nyumba tulisimama mlangoni.

Mtoto_wa_Kambi (Gulu)

Dada wa Ntinda umenisaidia kusema nilichokuwa nakitafuta. Umbali wa kamera. Na mfululizo huo huo ulipotaka kusogea karibu uliweza. Rogue One, 2016. Tunajua tangu 1977 kwamba ramani za Death Star, ile ngome ya kulipua sayari, ziliibwa, kwa hiyo hakuna fumbo la nani atashinda. Wakachukua kundi la watu wasiojulikana, wakalipeleka, na wote wakafa. Wote. Busia, steringi alikufa na watu walijaza kumbi.

Kuna kile kipande cha mwisho. Askari wa waasi wamekwama kwenye korido, mlango umekwama umebakiza mwanya, Darth Vader anakuja nyuma yao gizani. Mmoja ana kile kidude chenye ramani. Anajua hatoki. Anakipitisha kwenye mwanya, mkono wa upande wa pili unakichukua na kukimbia. Jina la yule askari hulijui, uso wake umeuona kwa sekunde chache, na bado unajua kabisa alitaka nini kabla hajafa. Sekunde chache zinatosha mwandishi akiamua mtu huyu ni mtu.

Afande_Mstaafu (Jinja)

Mwanangu wa kambi, nimefurahi kuona vijana mnajadili mambo haya kwa akili. Mimi nilitumikia Somalia. Wanajeshi wa Uganda ndio waliotangulia kufika Mogadishu kwa Umoja wa Afrika, Machi 2007, na mimi nilikuja kwenda baadaye kwa zamu yangu.

Kabla ya kwenda tulikuwa tumeiona sana Black Hawk Down, filamu ya askari wa Marekani waliopigana Mogadishu mwaka 1993. Vijana waliipenda. Nami nasema kwa upande wa mapigano imetengenezwa kwa ustadi: kelele, kupoteana, redio ikisema kitu kimoja na macho yako yakiona kingine. Lakini niliporudi nikaitazama tena sikuweza kuikalia. Mji mzima ni watu wanaokimbia na bunduki. Mimi nimeishi ndani ya mji ule. Kuna mama anayeuza chai, kuna fundi wa redio, kuna mzee anayekusalimia kila asubuhi na siku asipokusalimia unajua leo kuna jambo. Filamu haimjui hata mmoja. Mwishoni wanaandika kwamba Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa na Wamarekani 19, kisha majina ya wale 19 yanapita moja moja. Wale elfu wanabaki namba.

Na sisi Waganda tumefanyiwa vivyo hivyo. Uvamizi wa Entebbe, 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipokuja kuokoa mateka uwanja wa ndege, umetengenezewa filamu tangu mwaka ule ule. Kila mtu analijua jina la Yonatan Netanyahu, komando wao aliyekufa pale. Askari wetu walikufa makumi usiku ule. Walikuwa chini ya serikali mbaya, hilo silipingi, lakini yule aliyekuwa zamu mlangoni alikuwa na mama. Kwenye filamu anaingia, anapigwa, anaanguka, kamera inaendelea. Ndiye huyo wa kofia nyeupe unayemsema.

Mtoto_wa_Kambi (Gulu)

Afande, asante sana. Sina la kuongeza hapo.

Mpakani_Mutukula

Naingia kutoka upande wa Tanzania, wenyeji mniruhusu.

Afande kasema kweli. Sisi huku tunavijua Vita vya Kagera kwa masimulizi ya wazee: Amin alivyoingia mwisho wa 1978, Kampala ilivyoanguka Aprili 1979. Mzee wa huku anasimulia saba saba, yale makombora ya roketi, zilivyokuwa zikivuma kwenda upande wa adui. Mzee wa Masaka anasimulia saba saba hizo hizo zilivyokuwa zikishuka juu ya mji wake. Silaha moja, hadithi mbili, na sijaona filamu kubwa iliyowakalisha wazee hao wawili pamoja. Ikitengenezwa nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Halafu mmesahau watu muhimu: watafsiri wetu wanaosimulia filamu kwa sauti yao juu ya picha. Kwetu alikuwepo Lufufu, Kenya wana DJ Afro, ninyi mna maveejei wa Kampala. VJ mzuri hakubali mtu afe bila jina. Nimeketi mabanda ya Kampala, nikasikia VJ anampa mlinzi wa getini jina la Kiganda, anasema ana deni dukani na mke wake kajifungua juzi. Mlinzi akipigwa, watu wanasikitika kwelikweli. Hollywood ilimpa yule mlinzi sekunde mbili, VJ akampa maisha.

Mhariri_Ntinda (Kampala)

Mutukula, umegusa pale pale. Na watengeneza filamu wa Wakaliga walilijenga hilo ndani ya filamu yenyewe. Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, 2010, imetengenezwa kwenye mtaa wa kawaida kabisa hapa Kampala kwa hela kidogo mno, bunduki za vyuma chakavu, na nakala inayozunguka duniani ina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho. Kapteni mwenyewe anakufa mapema na filamu inaisha bila kukuambia nani alimuua. Watu wa nje huipenda kwa kichekesho. Mimi naiheshimu kwa sababu kila jirani aliyeanguka kwenye filamu ile alikuwa jirani wa mtu, na VJ anaongea nao kama anawajua.

Kijana_Mbale

Kwa faida ya uzi: Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando kwenye Return of the Jedi ya 1983, sauti yake ni ya Mkenya Kipsang Rotich, na watu wa Kenya waliyasikia maneno ya Kikikuyu waziwazi. Na kwenye Black Panther ya 2018, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala ni Ayo, na Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda ni W'Kabi. Tumo humo siku zote.

Banda_la_Busia

Tumo, ndiyo, na Wakanda nilijaza banda siku tatu. Lakini mkuu wa Gulu hujanijibu. Mtu aliyechoka anataka nini? Mnasifu filamu za majonzi kwa sababu mnakaa mezani mkaandika.

Mtoto_wa_Kambi (Gulu)

Nakujibu kaka, tena kwa filamu utakazoziweka ukapata watu.

1917, filamu ya Vita Kuu ya Kwanza iliyotoka 2019. Askari wawili, barua moja: simamisheni shambulio, la sivyo watu 1,600 wanaingia kwenye mtego, na ndugu wa mmoja wao yumo. Mtoto wa miaka kumi anaelewa. Kamera haiwaachi, kama vile hakuna mkato. Katikati ya njia ndege ya Kijerumani inaanguka karibu yao, wanamvuta rubani atoke motoni, naye anamchoma kisu Blake aliyemwokoa. Yule uliyedhani ndiye steringi anakufa hapo, polepole, anamuuliza mwenzake kama anakufa na mwenzake hamdanganyi. Barua sasa imebaki kwa aliyekuwa anasitasita tangu mwanzo. Nimeshuhudia watu wakiangalia hiyo dukani kwangu wamesimama, flashi zao zimeshajaa zamani na hawaondoki.

Au Andor, tamthilia ya Star Wars ya 2022, vile vipindi vya gereza. Wafungwa wanatembea bila viatu kwa sababu sakafu inaweza kuwashwa umeme wakati wowote. Msimamizi wao Kino Loy ni mfungwa pia, anawakaripia, anahesabu siku zake za kutoka. Anapogundua hakuna anayetoka, anageuka. Anaongoza watu wote mpaka ukingoni, chini kuna maji pande zote, watu wanaruka mamia kwa mamia. Yeye anasimama pale anasema hajui kuogelea. Hakuna ndege iliyolipuka, na hakuna mtu niliyempa vipindi hivyo asiyerudi kuchukua vilivyobaki.

Mtu aliyechoka hakimbii uzito, anakimbia kuchoshwa. Saving Private Ryan ya 1998 inaanza na ufukwe wa Omaha, mapigano ambayo hata leo watu wanayarudia. Lakini uliza mtu anachokikumbuka. Atakuambia mkono wa Kapteni Miller ukitetemeka. Atakuambia yule mfungwa wa Kijerumani anayechimba kaburi huku akitaja kila kitu cha Kimarekani anachokijua ili wasimuue, wakamwachia, akarudi vitani na kumpiga Miller. Adui pale ana uso, ana woga, na bado ni adui. Hilo halikufukuza mtazamaji hata mmoja.

Mwalimu_Arua

Nimesoma kimya tangu jana. Naomba niseme kitu ambacho huenda hakitampendeza mleta mada.

Ndugu yangu, Finn unayemlilia ni mtoto aliyetekwa ambaye hakuua mtu kwa amri ya waliomteka. Amepewa amri mara ya kwanza, akakataa, akatoroka na mikono safi. Hiyo ndiyo njia rahisi kwa mwandishi. Nimefundisha watoto waliorudi kutoka porini. Wengi hawakupata nafasi ya kukataa. Mtoto alilazimishwa kuua siku ya kwanza ili asiweze kurudi kijijini, na hapo ndipo hadithi ngumu inapoanzia. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto akienda shule. Akakua, akawa kamanda. Februari 2021 ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ilimkuta na hatia, akafungwa miaka 25. Mtu mmoja, aliyetendewa na aliyetenda. Familia za waliouawa na LRA kijijini Lukodi zina haki, na yule mtoto aliyekuwa njiani kwenda shule naye alikuwa na haki. Nani ataandika filamu ya anga yenye mtu huyo ndani?

Kwa hiyo mimi siwalaumu kwa kumwacha Finn katikati tu. Nawalaumu kwa kumpa usafi tangu ukurasa wa kwanza.

Afande_Mstaafu (Jinja)

Mwalimu, Mungu akupe nguvu. Hayo ni maneno mazito na ni ya kweli.

Mtoto_wa_Kambi (Gulu)

Mwalimu, umeupandisha uzi ngazi nyingine. Hapa Gulu filamu ile ilipoonyeshwa bandani, pale kwenye ile mistari ya damu kina mama walianza kuiambia skrini: vua hiyo kofia, kimbia mwanangu. Hakuna aliyeuliza kama ameua. Lakini nje ya banda, kijijini, swali hilo huulizwa, na wewe umelileta.

Basi wangenipa kalamu ningeandika hivi. Finn amefyatua. Siku ile Jakku amefyatua pamoja na wenzake, na mtu mmoja aliyemwangusha tunamwona kwa karibu, tunajua jina lake. Kisha anatoroka. Waasi wanampokea kwa sababu anajua njia za ndani ya ngome, wanamtumia, wanamsifu. Katika mapambano ya pili anakataa kupiga kofia nyeupe, anaingia kwenye redio yao na kuwaita kwa namba zao, wale wa bweni lake, mmoja mmoja, waweke silaha chini. Wengine wanaweka. Wengine wanampiga. Hayo ni mapambano, Busia, yana milipuko yote unayoitaka, na kila anayeanguka ana namba tuliyoisikia ikiitwa.

Sehemu ya tatu anarudi Jakku. Huku kwetu aliyerudi hukanyaga yai bichi kabla ya kuingia nyumbani, limewekwa kwenye kitawi cha opobo, na kuna ule mti wa layibi wa kufungulia ghala. Wakubwa wa ukoo wanakuwepo. Wala hiyo haimalizi kesi. Palipo na damu kuna mato oput, desturi ya upatanisho ya Waacholi, ukoo kwa ukoo, aliyetenda anakiri, fidia inazungumzwa, mchakato wa muda mrefu. Mwandishi angebuni desturi ya Jakku kwa uzito huo huo, na angemkalisha Finn mbele ya watu wa yule aliyemuua. Waruhusiwe kumkatalia.

Mwalimu_Arua

Hapo sawa. Ila usimwandikie kwamba wanamsamehe kwenye filamu hiyo hiyo. Kuna familia nazijua, zaidi ya miaka 20 sasa, bado zinajadiliana.

Mtoto_wa_Kambi (Gulu)

Siwaandikii. Filamu inaishia wakiwa wameketi, mama wa marehemu ndiye anayeanza kusema.

Banda_la_Busia

Wakuu, hiyo ya redio, anawaita kwa namba na wengine wanampiga... hiyo ningeiweka Jumamosi saa mbili usiku, kiingilio kile kile. Mleta mada, nitumie Andor vipindi vyote na hiyo 1917. Basi la kesho asubuhi lina dereva ninayemjua, mpe flashi.